Shajara ya mradi: kurekebisha huduma kwenye baa ya Bamdogo, Tabata

Kabla hatujagusa kitu

Bamdogo kastaafu, mafao yake karibu yote kayalaza kwenye hii baa, na kilio chake ni kwamba watu wanakuja mara moja alafu hawaonekani tena. Alichoniitia mimi ni kufunga sistimu ya oda kwenye tableti ili "wizi upungue", ndo neno lake hilo, wizi, kila sentensi lazima liwemo. Nikamwambia sawa ila kabla sijaleta hiyo tableti niache kwanza nikae kama mteja, wahudumu bado hawanijui sura, nione mzigo unavyotembea kutoka kaunta mpaka mezani. Naandika humu ili huko mbele tukibishana kuwe na kumbukumbu, mana Bamdogo akiamua kusahau kitu anakisahau kwa nguvu zote.

Aisee. Unakaa, hakuna anayekuja. Wahudumu wapo, wamesimama pale kwenye nguzo macho kwenye runinga, ukiinua mkono mmoja anakuona kabisa alafu anageuza shingo taratibu kuangalia barabarani. Baadae anakuja mwingine, salamu hakuna, anasimama ubavuni mwako, "unakunywa nini". Unasema Safari ya baridi, anarudi na ya uvuguvugu, ukimwambia dada hii mbona haijapoa anasema ndo zilizopo, na hapo hapo kashanyoosha mkono, lipa kabisa kaka. Unatoa elfu kumi, chenji inakuja. Haiji. Ukimkumbusha anakuangalia kama umemwomba figo.

Jirani yangu kulikuwa na dada kaja peke yake, kaagiza maji makubwa na mishkaki, wamekuja wanaume wamemkuta, wamehudumiwa, wameongeza raundi, yeye bado anachezea simu. Akaondoka. Hakuna aliyemuuliza vipi. Jamaa mwingine akaanza kugonga chupa na funguo, ule mlio wa ting ting ting kila mnywaji anaujua, basi kaunta ikajibu kwa sauti, "wewe hapa sio kwenu!"

Kaunta yenyewe imezibwa nondo toka juu mpaka chini, kuna kidirisha cha kupitishia chupa na hela basi. Anayekaa humo ndani ni mdogo wake mke wa Bamdogo, kwahiyo kwangu mimi ni ma'mdogo, na hii naiandika mapema ieleweke kwamba suluhisho lolote linaloanza na "fukuza keshia" halipo.

Jumatano, asubuhi, baa imefungwa

Leo nimejitambulisha rasmi. Shikamoo kwa ma'mdogo, kaitikia kwa mbali. Wahudumu wameniangalia kama afisa wa TRA. Nikaona nisiitishe kikao, vikao vya baa vinakuwaga vya bosi kuongea na watu kuangalia kucha, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza za nje na dada anayehudumia upande huo, tukawa tunaongea tu.

Sasa hapa ndo nimeelewa mradi wenyewe ni upi.

Mhudumu pale HACHUKUI bia kaunta, ANANUNUA. Akifika kidirishani anaweka hela ndo anapewa chupa, alafu anakwenda kuirudisha hela yake kwa mteja. Hela ya kuanzia anakuja nayo kutoka nyumbani. Huyu dada anaanza shifti na elfu ishirini yake. Bia ni 2,500. Wakija watu sita wakaagiza moja moja hiyo ni 15,000, imebaki elfu tano mkononi, yaani bia mbili, na bado kuna meza nyingine nne zinamuita. Kwahiyo anafanyaje? Anageuza shingo. Anaangalia barabarani. Hawezi kuja kwako kuchukua oda mana hana mtaji wa oda yako, inabidi kwanza akadai kule ndo aje huku, na akidai kwa haraka anaonekana hana adabu, asipodai anaonekana mvivu.

Na chenji ndo hivyo hivyo. Elfu kumi yako haikuibiwa, imekwenda kununua bia za meza ya pili. Itarudi meza ya pili wakilipa.

Nikamuuliza na mteja akikimbia? Akacheka. "Kaka, akikimbia kanikimbia mimi." Wanaita shoti. Shoti ya chupa iliyopasuka ni yake, shoti ya mteja aliyetoroka ni yake, shoti ya noti bandia ni yake, na ikizidi hela aliyonayo inaandikwa kwenye daftari la ma'mdogo inakatwa mwisho wa mwezi. Kuna mmoja alipokea mshahara elfu thelathini na kitu kwa sababu ya jamaa waliokuja na Noah wakanywa wakasema wanakwenda kuegesha vizuri.

Alafu kuna vizibo. Bamdogo aliwawekea motisha, kila kizibo cha bia ukirudisha unahesabiwa shilingi mia. Wazo zuri, nadhani alilitoa kwa rafiki yake mwenye baa. Ila soda haina mia, maji hayana mia. Yule dada wa maji makubwa na mishkaki alikuwa hana thamani yoyote kwenye mahesabu ya mhudumu, yaani kumhudumia ni hasara ya muda, na wenyewe wana usemi kwamba wanawake wakija peke yao hawaachi tipu. Sijui kama kweli. Kwa huduma ile hata mimi nisingeacha.

Jioni hiyo hiyo

Nimeongeza kitu kimoja. Nimekaa kaunta ndani ya nondo masaa kadhaa nikaona upande wa pili, na kusema kweli wateja nao wana vituko. Kuna mzee mzima na kitambi chake kila mhudumu akipita lazima amshike mkono au kiuno, anacheka, wenzake wanacheka. Yule mhudumu mrefu akipita pale anakunja sura toka mbali, kama mtu anavaa koti kabla ya mvua. Mimi siku ile nilikaa meza ya jirani na hiyo ndo nikakutana na ile sura nikaona kaninunia mimi.

Ijumaa. Kikao na Bamdogo

Kimekuwa kirefu na cha moto.

Msimamo wake: hawa watoto ukiwaachia hela wanakuibia, mimi nimezunguka baa tangu ujana wangu naijua hii biashara. Na hapo akaingia kwenye historia, mana Bamdogo alianza kunywa miaka ya themanini mwanzoni kipindi cha uhaba, bia ilikuwa haitafutwi na muuzaji, wewe mnywaji ndo unamtafuta muuzaji, unamsalimia vizuri keshia, unamtumia mtu, na bila chupa tupu mkononi huuziwi. Kampuni ya bia ni ile ile moja ya serikali. Keshia wa baa alikuwa mtu mkubwa mtaani, sio mchezo. Anavyosimulia unaona kabisa anaikumbuka kwa raha.

Nikamwambia Bamdogo, TBL, hiyo kampuni yenyewe ya bia, serikali iliingiza wabia wa Afrika Kusini mwaka 1993, alafu Serengeti wakaja na bia zao wakakuwa, leo hapa Tabata kutoka Bima mpaka Segerea mtu akikununia anavuka barabara tu anakuta Kili ile ile kwa bei ile ile na ya baridi. Keshia sio mtu mkubwa tena. Akanyamaza kidogo, akasema "we endelea".

Nikaendelea na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi hasara hivi hivi. Lazima hasara iwe imetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe, aandikiwe ni kiasi gani na imehesabiwaje, apewe nafasi ya kujitetea, na hata ikithibitika makato hayawezi kuzidi robo ya mshahara. Mteja kuruka ukuta sio uzembe wa mhudumu. Sheria hiyo hiyo inasema saa 45 kwa wiki, mwisho saa 9 kwa siku, na kazi ya usiku kuanzia saa mbili ina nyongeza ya asilimia 5. Wahudumu wetu wanaingia saa nne asubuhi kufagia na kupanga viti, wanatoka saa saba usiku. Piga mwenyewe. Nikamwambia siku mmoja akienda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na lile daftari la ma'mdogo, lile daftari limeandikwa vizuri mno, tarehe na sahihi, ni ushahidi dhidi yako umeuandaa mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

Hilo la daftari ndo lilimshtua. Sio huduma wala wateja, daftari.

Tumekubaliana majaribio meza za nje tu kwanza. Tableti imewekwa pembeni, nimemwambia tukifunga tableti sasa hivi tutakuwa na huduma mbovu ile ile ila ya kidijitali.

Mpangilio mpya, kama ulivyo sasa

Kila meza ina kadi ngumu yenye namba. Mhudumu anapeleka kadi kidirishani, ma'mdogo anapiga alama ya bia na kutoa chupa, hela haiguswi. Chupa tupu zinabaki mezani mpaka mwisho, hii mila nimeiacha makusudi mana mteja wa kitanzania ukimuondolea chupa zake mapema anajua unataka kumbambika, na pia bia inafunguliwa mbele yake, sio kaunta. Wakimaliza, kadi na chupa zinalingana, wanalipa. Kadi ikifika elfu hamsini mhudumu anawaomba wapunguze kidogo, kwa adabu, na hapo pana maneno maalum tumeyapanga, "naomba tupunguze bili kidogo bosi niwafungulie nyingine". Imekuwa kawaida haraka sana, hakuna aliyechukia.

Mteja akitoroka hasara ni ya baa. Mlinzi getini anapewa ishara meza ikianza kusimama simama.

Vizibo vimekufa. Badala yake asilimia ndogo ya mauzo ya meza zote za shifti wanagawana sawa, soda imo, maji yamo.

Mikono ya wateja: mhudumu anaruhusiwa kuomba meza ibadilishwe bila kutoa maelezo, na anayekwenda badala yake ni mimi au mlinzi. Yule mzee kitambi kahudumiwa na mlinzi wa kimasai jioni nzima, rungu mkononi, sinia la bia mkono wa pili. Sijawahi kuona meza imetulia vile.

Jumapili

Bia za moto. Hii nilidhani friji mbovu, nikaita fundi kabisa, kaangalia kasema friji nzima. Kumbe ma'mdogo anazima soketi mchana kuokoa LUKU, anawasha saa kumi, saa kumi na mbili watu wanaingia chupa hazijashika baridi hata robo. Sio ubaya, ye anapimwa kwa matumizi ya umeme na Bamdogo anamsema kila token ikiisha. Nimeongea na Bamdogo amwondolee hilo, umeme usiwe hesabu yake. Friji haizimwi. Bia mpya zinapakiwa asubuhi na zinawekwa nyuma, za baridi zinavutwa mbele, mana zilikuwa zinatupiwa popote penye nafasi ndo unapata ya baridi moja ya moto mbili kwenye raundi moja.

Siku za umeme kukatika hiyo hadithi nyingine, barafu ya kununua, ntaandika.

Wiki iliyofuata. Wametoroka

Naam. Vijana, meza ya pembeni karibu na ukuta, 42,500 kwenye kadi, bia kumi na saba, mmoja kaenda msalani mwingine kapokea simu nje na yule wa tatu akawafuata "kuwaita". Mlinzi alikuwa anamwelekeza mtu kurudi nyuma na gari.

Bamdogo kafika asubuhi na mapema kuliko nilivyowahi kumuona, kakaa kwenye kiti cha kwanza kabisa, "haya nieleze". Dada wa meza za nje alikuwa keshatoa pochi, anahesabu, nikamwambia rudisha hela yako ndani. Hapo ndo palikuwa pagumu, wote wamesimama wanaangalia Bamdogo atasema nini, na ma'mdogo kidirishani na daftari lake la zamani limefunguliwa ukurasa mpya tayari, kalamu mkononi.

Nilimwekea mezani mauzo ya meza za nje usiku ule na ya Jumamosi ya kabla ya mradi. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko hiyo 42,500, hata ukiitoa. Akaangalia karatasi, akaigeuza nyuma kama kuna kitu nimeficha. Akasema andika hasara ya baa. Basi. Ma'mdogo kafunga daftari kwa kishindo lakini kafunga.

Meza ya ukutani tumeihamisha, pale pamewekwa mtungi wa maua.

Lipa namba

Kulikuwa na karatasi imebandikwa "HATUPOKEI LIPA NAMBA", herufi kubwa, na alama tatu za mshangao. Mteja hana keshi anatoka kwenda kwa wakala, nusu yao hawarudi, na ukiwalaumu ni dhambi.

Tumechukua namba kwa jina la biashara, imebandikwa kila meza. Shida ikawa ya kijinga: mesiji za malipo zinaingia kwenye simu ya Bamdogo, na Bamdogo saa nne usiku kalala. Mteja kalipa, anaonyesha simu yake, mhudumu hana cha kuhakikisha, ma'mdogo kagoma, mteja kachukia, tumerudi kule kule. Laini imehamishiwa kwenye kitochi kinakaa kaunta kimefungwa kamba kwenye nondo. Kinalia nyumba nzima inasikia. Bamdogo anapitia mesiji asubuhi na chai yake.

Siku ya dabi

Simba na Yanga, ndo mtihani. Viti vya kuazima mpaka barabarani, watu wamesimama. Kwa utaratibu wa zamani siku kama hii mhudumu mwenye elfu ishirini alikuwa anakufa dakika ya kumi. Safari hii kadi zimekwenda vizuri mpaka mapumziko, pale kila mtu kaagiza kwa mpigo na kidirisha kikawa kimoja tu, ma'mdogo mikono miwili, foleni ya wahudumu wenyewe kwa wenyewe. Nikachukua bisibisi na fundi wa jirani tukafungua kipande cha pili cha nondo palepale mpira ukiendelea, sikumuuliza mtu. Bamdogo alikuwa amevaa jezi yake yuko mbele anapiga kelele, kaona kesho yake. Hajairudisha.

Mteja mmoja kamwita ma'mdogo "mama yetu" kapitishia tipu ya elfu mbili kidirishani. Kaipokea bila kucheka. Lakini leo nimesikia anasema karibuni tena, kwa sauti ya chini kidogo, kwa kundi lililokuwa linatoka. Siandiki zaidi ya hapo nisije nikamtisha.

Yaliyobaki

Mhudumu mmoja, simtaji, tumemwondolea shoti, tumemwondolea vizibo, meza mbaya tumembadilishia, na bado anahudumia watu kama wamemkosea. Kuna watu hawapendi watu. Nimemjaribu stoo kuhesabu kreti na chupa tupu, mahesabu yake hayana kasoro hata moja na mudi imepanda, tutamwacha huko.

Shifti mbili bado. Bamdogo anasema hana hela ya kuongeza watu, mimi nasema saa nne asubuhi pale hakuna anayekunywa zaidi ya wazee wawili wa drafti, wa asubuhi waingie wawili tu, wa jioni waje saa kumi. Kakubali "kufikiria".

Vyoo: vina maji, vina taa, mlango wa kike una komeo. Imechukua siku moja na hela ndogo, sielewi ilishindikana nini miaka yote.

Jiko ndo mwiba. Jiko sio la baa, kakodishiwa jamaa, analipa kwa mwezi, nyama yake, vijana wake. Kuku wa kuchoma anachukua saa nzima na mteja hamlaumu mwenye jiko, hajui hata kama ni biashara mbili tofauti, anamlaumu mhudumu wetu aliyemletea bia. Na vijana wa jikoni bado wanadai hela kabla ya kuweka nyama kwenye moto, mana na wao wana shoti yao. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Nimemwomba Bamdogo asisaini mwingine kabla hatujakaa naye, nataka chakula kiingie kwenye kadi ya meza pamoja na bia, na baa imlipe yeye kila asubuhi. Tunakutana Jumatatu saa tano. Tableti nayo Bamdogo kaiulizia tena jana.